Waliokuja na Chakula Chao

Mwaka ule tulikula ndiga. Hesabu ya mwaka siijui. Wajukuu zangu wanaikadiria kwa ile vita ya msituni iliyokuwa ikipiganwa huko bara juu, ambayo habari zake zilitufikia sisi kama moshi wa shamba la mtu mwingine. Mimi naukumbuka kwa mdomo. Tulianza na mahindi, yakaisha. Tukala makopa ya muhogo, yakaisha. Tukala mbegu. Kisha tukaingia mwituni na majembe kuchimba ndiga, kiazi cha porini ambacho Mungu amekitia sumu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba kama kucha, unavitia kikapuni na kuvilaza mtoni, maji yapite juu yake siku kadha. Ndipo uanike, utwange, upike. Ukifanya haraka unazika watoto. Mimi sikuzika mtu, na kwa hilo najisifu mpaka leo.

Njaa ina ulevi wake. Asubuhi niliiona michungwa ikisogea taratibu, kama watu wanaopishana msikitini. Ardhi ilikuwa laini, kama nakanyaga mkeka uliotandikwa juu ya maji. Jirani yangu alipokuwa akitwanga, mlio wa kinu ulinifikia mchi ukiwa umeshainuka tena. Sikuogopa. Nilikaa tu nikatazama, nikasema dunia leo imechoka, inakuja nyuma nyuma.

Nyumba yangu ilikuwa imekwisha. Mume wangu alikufa kwa homa, mchwa wakala nguzo, na upepo wa kaskazi ukachukua makuti. Tulilala chini ya kipande cha paa kilichoegemea mnazi: mimi, wanangu wawili, na mavyaa wangu, mama wa marehemu. Mavyaa alikuwa na kifua kibovu. Masika yalikuwa yananukia, na kila aliyemsikia akikohoa alijua kwamba mvua moja ya usiku ingetosha kumchukua.

Basi asubuhi moja nikasikia nyimbo. Kabla sijaona mtu niliona boriti, zinaelea juu ya ukungu, ndefu, zinakuja Munje, kijijini kwetu, zenyewe. Nikadhani ni ndiga hiyo, imenipanda kichwani. Kisha vikatokea vichwa, na mabega, na miguu myekundu kwa vumbi la bara. Walikuwa watu wa kanisa, wametoka huko Mackinnon Road kwenye reli. Lori lilikuwa limewaacha barabarani. Walikuwa wakipita vijijini kuwajengea wajane na wazee, hawaulizi unasali wapi, na mzee wa mtaa ndiye aliyewaonyesha kwangu.

Jirani akapiga kelele kutoka uani kwake: "Mwenzangu! Leo utabatizwa kwa matope!"

"Heri matope," nikamwambia, "kuliko domo lako."

Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu mrefu wa sauti ya chini. Alimwamkia mavyaa shikamoo kwa kuinama kabisa, akaniuliza mlango nautaka upande gani. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu tangu nifiwe. Wakaanza kuchimba. Wanaume walisimamisha nguzo, wanawake wakafunga fito, na wimbo wao ulikwenda na kurudi kama pumzi ya mtu aliyelala.

Mimi nikapika. Nilichukua unga wote wa ndiga uliokuwa ndani ya kibuyu nikausonga, sikubakisha. Kwetu sisi mtu akija kukusaidia kazi anakula kwako. Akila, ile kazi imekuwa yako. Maiti peke yake ndiye anayejengewa asipike.

Adhuhuri wakakaa kivulini, wakafungua vitambaa vyao. Ugali wa baridi, viazi vitamu. Wakawamegea wanangu. Nikaja na chungu changu, nikakitua katikati yao, na bakuli juu yake.

Mwalimu akakitazama, akanitazama mimi, mifupa ya shingo na yote. "Ahsante, mama. Sisi tumekuja na chetu. Hicho wawekee watoto."

"Watoto mmewalisha nyinyi. Hiki ni chenu."

"Mama, wewe ni mjane mwenye njaa. Nikila sahani yako, nitamjibu nini Mungu?"

"Na mimi nikiwaacha mfanye kazi kwangu nanyi mnakula vya vitambaani mwenu, nitamjibu nini?"

Akatikisa kichwa kwa upole. Upole ule ndio ulionikata. Nikaenda nikaikalia boriti waliyokuwa wakitaka kuisimamisha, nikasema, "Asiyekula changu hanijengei."

Mavyaa akaita kutoka chini ya kile kipande cha paa, "Mkaza mwanangu, mvua haijui kiburi."

"Nakijua mimi, mavyaa."

Akakohoa. Nilisikia kila kikohozi kikipita mgongoni mwangu. Sikuondoka.

Ndipo akainuka mama mmoja mnene katika wale wageni, aliyekuwa akichota maji. Akainama juu ya chungu, akanusa, akamega tonge, akalizungusha mdomoni macho ameyafumba. "Hii imeoshwa na mtu ajuaye," akasema. "Mama yangu alinilea na hii hii. Nikifa nizikeni papa hapa, shimo mmeshachimba."

Wakacheka, na kicheko kikawaleta. Mmoja akamega, na mwengine. Chungu kikashuka polepole, na mimi nikajiona nashiba kwa kuwatazama tu. Mwalimu peke yake alibaki na mikono magotini, midomo yake ikicheza, anaomba. Hakuwa mwoga wala hakuwa na dharau. Alikuwa mtu mwema. Nikamwekea fungu lake ndani ya bakuli, nikafunika kwa jani la mgomba.

Kazi ikarudi. Alasiri mawingu yakapanda kutoka baharini, rangi ya chungu kilichounguzwa, na mwanga ukawa wa manjano hata watu wakawa kama hawana vivuli. Ulibaki mwamba, ule mti mrefu wa juu kabisa unaobeba paa zima. Bila mwamba hakuna makuti, na makuti yalikuwa yamelala chini. Wanaume wakauinua hadi mabegani, wakauinua hadi vichwani, na upande mmoja ukawashinda. Ulihitaji mtu mrefu.

Mwalimu akapangusa mikono, akaja.

Tone la kwanza liliniangukia mkononi, zito, la uvuguvugu. Mavyaa akakohoa. Nikaweka kiganja juu ya mwamba, pale pale alipotaka kushika yeye, na kwa mkono wa pili nikamnyoshea bakuli.

"Mama," akasema, "mvua."

"Naiona."

Juu yetu mikono ya wenzake ilikuwa ikitetemeka.

"Asiyekula changu hanijengei."