Kwenda Sparta kwa Basi

Ngwee! Halafu likazunguka sakafuni, wee-wee-wee-wee, halafu kimya. Lilikuwa beseni la chuma, limemponyoka mkunga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa nje ya wodi ya wazazi kule kambi ya wakimbizi, Kigoma, nimeshika kandambili za dada yangu Furaha mapajani. Leo niko Birmingham, miaka kumi na moja imepita, na beseni lile nalisikia bado, tena bila kulitafuta.

Nalitaja kwa sababu safari ninayowasimulia, ninyi mliobaki Uvira na ninyi wa kambini, ilikuwa ya basi tu, ya Jumamosi moja, na bado ilinirudisha pale pale. Furaha alifariki siku ile akimzaa Neema. Neema mwenyewe aliambiwa kwamba mama yake alikufa kwa malaria. Mama yetu ndiye aliyeamua hivyo. Alinishika mkono akasema, "Mutoto asibebe ule muzigo," nami nikaapa.

Sasa, shuleni kwao Neema walipewa kazi kuhusu Ugiriki ya kale, kila mtoto achague jambo lake. Wenzake wakachukua vita na miungu. Yeye akachukua wanawake wa Sparta, kwa sababu mwalimu alisema walikuwa wakikimbia mbio na kupigana mieleka, na hapa mtaani kwetu hakuna mvulana anayemshinda Neema mbio. Mjini kulikuwa na maonyesho ya mambo hayo, na mimi Jumamosi ile sikuwa na zamu ya kusafisha vyumba hotelini. Nikasema nampeleka. Nilifurahi kuliko mtoto mwenyewe! Mnanijua, shule niliiacha njiani lakini kuota sijaacha.

Saa tatu asubuhi tulitoka Shard End, mtaani kwetu, mvua inanyunya. Mama akafungua dirisha la juu akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mupite Ladypool mulete unga wa muhogo! Na unuse kwanza, si ule wa siku ile!"

Tulipanda basi la ghorofa, tukakaa juu, kiti cha mbele kabisa. Nikashika usukani wa hewani. "Abiria wa Sparta, tunaondoka."

"Tantine, please. Watu wanatuangalia."

Tantine ndiye mimi, mama yake mdogo. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake ni Kiingereza, mimi nawatafsiria tu. Akianza kuchanganya hivyo ujue ameona aibu.

Saa nne na nusu tulikuwa ndani. Chumba chenyewe kidogo, taa hafifu, na bibi mmoja wa Kizungu aliyevaa sweta la kijani ndiye aliyekuwa akiongoza wageni. Mbele kabisa palikuwa na kisanamu cha msichana anakimbia, ameinua sketi kwa mkono mmoja, anaangalia nyuma. Nakala tu, alisema bibi yule, lakini Neema alikizunguka mara tatu.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Wasichana wa Sparta walilishwa vizuri kama kaka zao, jambo ambalo kwingine Ugiriki halikuwa la kawaida. Walifanya mazoezi nje, juani. Wakishakua waliweza kumiliki mashamba, na walisema walichotaka mbele za wanaume. Nikamgusa Neema bega: umesikia?

Halafu mambo yakageuka. Bibi yule alisema mwili ule walikuwa wakiutunza ili uzae askari. Siku ya kuolewa msichana alinyolewa kipara, akavishwa joho la kiume, akaachwa gizani amsubiri mume. Neema akashika misuko yake. Mtoto wa kiume alichukuliwa na nchi akifika miaka saba, na mama alitegemewa asilie. Na inasimuliwa kwamba kitoto kichanga kilikaguliwa na wazee; kikiwa dhaifu, kilitupwa.

"Mimi nilizaliwa mdogo, sivyo?" Neema aliniuliza kwa sauti ya chini. "Koko husema alinifunga kifuani wiki tatu." Koko ndivyo anavyomwita Mama.

"Ulikuwa kama panya," nilimwambia. Hakucheka.

Mimi nikauliza swali moja tu, la mtu wa kazi zangu. "Hawa wakiwa wanakimbia, nani alikuwa anapika?"

Bibi akatabasamu, halafu tabasamu likamwisha. "Waheloti," alisema. "Watu waliotekwa, wakafanywa watumwa wa nchi nzima. Wanawake wao ndio waliopika na kufuma. Majina yao hatuna."

Tulifika kwenye jiwe la kaburi. Akaeleza kwamba Sparta haikuandika majina makaburini. Aliyeandikwa ni mwanaume aliyekufa vitani, na mwanamke aliyekufa akizaa. Hao wawili walihesabiwa sawa. Akaongeza kwamba wataalamu wanabishana juu ya hao wanawake, kwa maana maandishi ya zamani hayasomeki vizuri mahali pale.

Neema alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Na mwanamke aliyekufa kwa malaria?"

"Huyo hapana, mpenzi. Hakuna jina."

"Okay," alisema Neema, akaandika kwenye daftari lake. Kisha akanigeukia. "Basi mama yangu asingeandikwa."

Nilijisemea moyoni kwamba na sisi wenyewe tusingekuwa Wasparta. Tungekuwa wale wa jikoni. Lakini hilo halikunisaidia kitu. Dada yangu alipigana usiku na mchana, na mimi na Mama tulikuwa tumempokonya hata heshima hiyo.

Saa saba na nusu tulikuwa Sparkbrook, Ladypool Road, katika duka la mama mmoja wa Kizanzibari. Nikaunusa unga. Ulikuwa mzuri.

"Mbona bingwa wako kanuna leo?" mama yule aliuliza. "Mwanao huyu?"

"Wa dada yangu."

"Na dada yuko wapi?"

"Alifariki, mama."

"Ee Mola! Mungu amrehemu. Aliumwa nini, masikini?"

Swali la kawaida, kila mtu huuliza, na jibu ninalo siku zote mdomoni. Siku ile halikutoka. Neema akanisubiri. Mwishowe akajibu yeye, kwa Kiswahili, akiniangalia mimi: "Alikufa kwa malaria."

Tulipotoka nje akasimama kando ya maduka, watu wanatupita na mifuko yao. "Tantine, kwa nini Koko hali siku ya birthday yangu?"

Ni kweli. Kila mwaka siku ile Mama hufunga, keki tunaikata kesho yake. Tulidhani mtoto haoni.

"Mama yangu alikufa siku gani?"

Nikaweka unga chini. Nikamwambia siku. Nikamwambia damu haikukatika, na gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mwingine. Nikamwambia hata beseni. Alisikiliza kama anavyomsikiliza daktari.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hapana. Alikusikia ukilia. Mkunga alituambia aliuliza, ni msichana? Akaambiwa ndiyo. Akasema vizuri."

"Halafu?"

"Halafu hakusema tena."

Kwenye basi la kurudi alikaa chini, karibu na mlango, hakutaka juu. Sikumshika mkono; nilimwachia mkono wangu pale kitini, karibu. Tulipita kituo baada ya kituo. Tulipokaribia nyumbani aliushika, kwa nguvu hadi vidole vikaniuma.

Mama alikuwa jikoni, anakoroga sombe, kisamvu chetu. Alimtazama Neema akipanda ngazi bila kuvua koti.

"Umemwambia."

"Nimemwambia, Mama."

"Uliniapia."

"Niliapa."

Akachukua unga, akaufungua, akaunusa. "Huu ni muzuri," alisema, akazima jiko, akaingia chumbani kwake. Fufu, ugali wa unga ule, hatukula.

Mtaniuliza nimejifunza nini Sparta. Nimejifunza kwamba watu wale walikuwa wakali kuliko mawe, na mimi nisingeweza kuishi nao hata wiki moja. Lakini walijua kuzaa ni vita, na sisi tuliotoka vitani kweli tulikuwa tumesahau.

Jumapili asubuhi Mama alikuwa bafuni, Neema anatafuta kiatu juu. Begi la Mama la kanisani lilikuwa mezani. Nyuma ya Biblia yake kuna ukurasa mnaoujua, wenye kichwa "Wetu waliokufa vitani": Baba, mjomba, watoto wawili wa shangazi. Huusoma kila Jumapili kabla ya sala. Nikachukua kalamu. Chini ya jina la Baba palikuwa na nafasi, nikaandika kwa herufi zinazolingana na zake: Furaha. Nikapuliza wino ukakauka, nikairudisha Biblia karibu na miwani yake, nikafunga zipu.