Nyimbo Alizotunga Kabula

Noela alikuwa na miaka kumi na minne alipolazwa hospitali ya Ifakara kwa ugonjwa wa mfupa wa paja. Alikaa wodini miezi saba. Kitanda cha jirani alilala Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Lupiro na ng'ombe wao. Dume lilikuwa limemvunja mguu. Wiki mbili za kwanza hawakusemezana. Nyumbani kwa akina Noela, wakulima wa Lupiro hiyo hiyo, Msukuma alitajwa pale tu mpunga ulipoliwa na ng'ombe.

Aliyewakutanisha ni Sista Brigida, mtawa mzee kutoka Ireland, aliyepita kila Jumatano kuwasimulia wagonjwa hadithi za kale za kwao: nchi ya ukungu na mawe, ambako kijana hakukabidhiwa mkuki kabla hajajua kupiga kinubi.

"Kwa hiyo wakienda vitani wanaimba?" Kabula aliuliza.

"Wanaimba kwanza," sista akajibu. "Wakishindwa kuimba ndipo wanapigana."

Wasichana waliichukua hadithi hiyo wakaifanya yao. Vijana watano, wapiganaji na wapiga vinubi, wametumwa kuvuka mabwawa yenye ukungu wakakirudishe kinubi cha mfalme kilichoibwa, na kila kivuko kinafunguka kwa wimbo wake. Noela aliandika kwenye madaftari. Nyimbo zilikuwa za Kabula. Alifumba macho, akagonga chuma cha kitanda kwa vidole, na wimbo ukatoka mzima.

"Huyu msichana wako analia mno," Kabula alimkosoa Noela aliposomewa sura. "Mpe kazi. Abebe ngoma."

Walipona, na urafiki ukaendelea. Noela alisoma, akarudi Lupiro kufundisha sekondari. Kabula aliolewa na mfugaji mwenzake, lakini kila Jumapili alikuja na mtoto mgongoni, akasomewa sura mpya, akatunga wimbo uliokosekana.

Kisha ukaja mwaka wa ugomvi. Ng'ombe waliingia shamba la Anselim, kaka yake Noela, naye alipokwenda kuwafukuza akapigwa fimbo ya uso, jicho likapotea. Waliompiga walikimbia, wala hawakuwa wa nyumba ya Kabula. Hata hivyo mkutano wa kijiji ukaitishwa, ikaamuliwa kwamba mfugaji asiye na mwenyeji wa kumdhamini aondoke.

Kabula alisimama katikati ya watu. "Mimi nimekulia hapa. Mwalimu Noela ananifahamu. Muulizeni."

Mwenyekiti, mzee Ildefonce, akageuka. "Mwalimu, ni kweli?"

Anselim alikaa ubavuni mwa Noela, bandeji usoni. Mama yao alikuwa nyuma. Noela alihisi macho ya kijiji kizima yakimkaa shingoni.

"Tulilazwa wodi moja, zamani," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Kabula alimtazama kidogo, kisha akaketi. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamehama.

Miaka mitatu baadaye hadithi ile ya vinubi ilichapishwa Dar es Salaam, jina la Noela peke yake kwenye jalada. Shuleni walimfanyia sherehe. Wanafunzi waliimba nyimbo zote kutoka kitabuni, na mgeni rasmi akauliza alizipata wapi.

"Zilinijia tu," Noela akajibu, na watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo alianza kuwauliza wapita njia Kabula alihamia wapi. Alipopata habari kwamba Kabula yuko Masagati, alipanda treni mpaka Mlimba, akachukua pikipiki siku nzima ya matope. Alimkuta uani anapepeta mpunga. Alikuwa amekonda. Ng'ombe wote walikuwa wameuzwa au kufa njiani.

"Karibu, mwalimu," Kabula alisema. Hakumwita kwa jina lake.

Noela alimpa kitabu kwa mikono miwili. Kabula alifuta vumbi viganjani, akafungua, akasoma polepole wimbo wa kivuko cha kwanza huku midomo ikicheza.

"Wakichapa tena nitawaambia waweke jina lako," Noela alisema. "Juu ya langu. Nisamehe, Kabula."

"Usiniweke." Alikifunga kitabu, akamrudishia. "Jina langu lilihitajika siku ile, mbele ya watu. Mwanangu mdogo alifia njiani tukihama. Ungesema neno moja tu."

Noela hakujua habari za mtoto. Alipiga magoti pale pale uani. Kabula hakumwinua wala hakumfukuza. Alimletea maji ya kunywa kama mgeni yeyote, akarudi kwenye ungo wake.

Noela bado anafundisha Lupiro. Kitabu kinasomwa, na kila mwaka wanafunzi wapya humuuliza nani alitunga nyimbo. Siku hizi anawajibu kwamba zilitungwa na mtu mwingine, ambaye mwenyewe hataki atajwe. Wanadhani ni unyenyekevu, na wanazidi kumpenda.