Mbasa wa Kwenda Tabora

Siku hizi nikikaa uwanja wa ndege kusubiri safari, na chai yao ya bei ya kilo ya nyama, huwa natafuta kwa macho mahali ambapo baba mkwe wangu angetandika kitenge chake. Sipaoni. Kila mtu anakula ameutazama ukuta, na mimi vilevile, halafu namkumbuka yule mzee hadi chai inapoa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ujamaa. Mimi nilikuwa muuguzi, Mwislamu wa Tabora, niliyepangiwa kazi Mbinga. Huko nikaolewa na kijana Mkatoliki wa Matiri, karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Tulifunga ndoa bomani, kwa kuwa kanisani walininunia mimi na msikitini walimnunia yeye. Baba yangu alipopata habari alisema ndoa ya bomani ni ndoa ya kuazima, na kwamba hatatia mkono sahani moja na watu ambao hajui nyama yao kaichinja nani. Tangu hapo hata jina la Matiri hakulitamka. Alisema tu "huko." Nikajifungua, mtoto akaota meno, akaanza kutambaa, babu yake hajamwona.

Mume wangu alikuwa katikati ya msimu wa kahawa, hawezi kuondoka. Baba yake akasema mtoto hapelekwi ujombani na mama peke yake kama mzigo uliookotwa, atakwenda yeye. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Kama baba angekataa kula na mzee huyu aliyesafiri nchi nzima kumfuata, basi kwetu Tabora pangekuwa pamefungwa, nami nilijua.

Kabla ya safari mzee aliniuliza, "Baba yako anakula nini?"

"Kila kitu, baba. Ila nyama lazima ichinjwe na Mwislamu."

Akaguna tu. Siku chache baadaye aliteremka ziwani, Mbamba Bay, akarudi na mbasa wa kukaushwa kwa moshi, samaki mnene, akamfunga kwa majani ya mgomba. Nikadhani ni kitoweo chake cha njiani. Mama mkwe akaongeza kande na ndizi za kuchemsha, kapu likajaa.

Uwanja wa Songea wakati huo ulikuwa uwanja wa nyasi na banda la bati. Walitupima sisi pamoja na mizigo yetu, juu ya mizani ileile, kama magunia ya kahawa. Karani akasema kapu limezidi, tupunguze. Mimi nikamwangalia samaki. Mzee akavua koti lake zito na viatu vipya alivyovinunua kwa ajili ya safari hii, akampa dereva wa lori aliyetuleta. "Virudishe nyumbani," akasema. Akavaa katambuga zake za tairi na kupanda ndege. Roho iliniuma. Huyo ndiye mkwe niliyekuwa nampeleka kwa baba yangu, fundi mstaafu wa reli anayepiga pasi hata leso.

Dar es Salaam tulitakiwa kusubiri ndege ya Tabora, na ndege ya Tabora ilichelewa. Jengo lilinishangaza hata mimi. Kulikuwa na mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani, duka la biskuti na vinyago, na upande mmoja chumba chenye pazia na makochi, cha wakubwa. Sisi wengine tulikuwa na mabenchi. Joto lilikuwa kali, na samaki wetu akaanza kujitambulisha.

Mzee akatandika kitenge sakafuni, akafungua kande, kisha akakaa bila kula. Anaangaza huku na huku. Nilijua anachosubiri. Kwao, Wamatengo, wanaume wa ukoo hula pamoja, kila nyumba ikileta sahani yake. Wenyewe huita sengu. Mwanamume anayekula peke yake ni mgonjwa, au kagombana na nduguze.

"Karibuni, ndugu zangu!" akaita.

Ningeweza kuzama ardhini. Lakini watu walikuja! Askari mmoja aliyekuwa likizo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyechukua ndizi moja kwa adabu, na mwalimu wa Mwanza. Wakanawa kwa maji ya chupa. Kisha mzee akaona, kwenye upenyo wa pazia, bwana mmoja mwenye suti akila peke yake mbele ya sahani kubwa.

"Yule baba ana nini? Kafiwa?"

"Hapana, baba. Ni mkubwa wa serikali."

"Na ndugu zake wamemtenga hivyo?"

Kabla sijamzuia alikuwa amekwishalivuka pazia. Mkwe hamshiki baba mkwe shati, kwa hiyo nilibaki nimemkumbatia mtoto, nikisubiri kelele. Badala yake nikasikia kicheko, na yule bwana akatoka na sahani yake ya wali mkononi, akakunja suruali, akakaa kwenye kitenge. Miaka ile mkubwa aliyeitwa ndugu mbele ya watu alikuwa hana njia ya kukataa, lakini huyu, kusema kweli, alikula kande kama mtu aliyekuwa na njaa nayo ya siku nyingi. Wali wake ukaliwa na wote.

Kande ilipokwisha akanusa, akatabasamu. "Mzee, naona kuna mbasa humu."

"Yumo. Lakini ana mwenyewe."

Mkubwa wa serikali ananyimwa samaki! Nilikimbilia dukani, nikanunua bati la keki lenye picha ya maua, nikarudi nikapiga magoti. "Baba, tumpelekee baba yangu hii. Samaki tuwape hawa, ananuka."

Mzee akalitazama lile bati. "Keki kula wewe," akasema. "Na huyu bwana ameshashiba, sivyo?"

Bwana akacheka hadi machozi. Ndege ya Tabora ilipoitwa na mpokea mizigo akaanza kukunja pua juu ya kapu, ni yeye aliyemwambia, "Liache lipite hilo, lina mwenyewe."

Tabora baba alitupokea barazani. Alimjibu mzee salamu, akazitazama katambuga, akamtazama mtoto bila kumshika. Dada yangu aliandaa masinia mawili, moja la baba na moja la mgeni, mbalimbali kama alivyoagizwa. Nilisimama mlangoni na bati langu la keki, nikijua kwamba mambo yameisha.

Mzee hakuligusa sinia lake. Alivuta kapu, akafungua majani ya mgomba, akamweka mbasa sakafuni katikati.

"Mzaa mwenzangu," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "kuku wangu nimewaacha Matiri, maana kisu changu hukijui. Nikamfuata mwalimu wa madrasa pale Mbinga kumuuliza. Akaniambia samaki hana maneno, halali kwako, halali kwangu. Nimemtoa ziwani mwenyewe. Njia nzima wamemtaka, sikumpa mtu."

Baba aliita maji ya kunawa. Aliponawa, alinyoosha mkono akalivuta sinia la mgeni hadi likagusana na lake, akammega samaki, kipande cha kwanza akampa mzee, cha pili akaanza kukichambua miiba, polepole, kwa vidole vyake vya fundi.

"Mlete mjukuu wangu," akasema bila kuinua macho. "Na wewe weka chini hilo bati, ukae. Au kule kwenu Matiri watu hula wamesimama?"