Maji ya Tangi na Lenzi za Usiku

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo: maji yanayofaa kunywa, je, yanafaa kuoshea lenzi?

Lenzi zangu huvaliwa wakati wa kulala. Usiku zinakandamiza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na asubuhi unazitoa na kuona mbali bila miwani. Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani, karibu na Mukuyuni, kila kukicha nilisimama mlangoni nikisoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Nilishangaa kwamba jicho hufinyangwa kama udongo.

Mtaalamu wa macho aliyenipa lenzi alinikataza kabisa maji. Nioshe kwa dawa yake tu. Dawa ikaisha. Nikasuuza lenzi na kikopo cha kuzihifadhia kwa maji ya mvua ya tangi, yaliyochemshwa na mama. Kwetu maji ya kisima kinachochimbwa kwenye mchanga wa mto ni ya mifugo na kufua. Ya mvua hupewa mgeni. Sikuona kosa.

Baada ya siku chache jicho la kushoto likawa jekundu, na mwanga ukaanza kuliuma. Niliinua glasi ya maji dirishani, nikachungulia. Hakukuwa na kitu. Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu wadudu wasioonekana wanaoishi hata katika maji safi. Tumbo huwamudu. Chini ya lenzi, jicho likiwa limefumbwa usiku kucha, wanaweza kuila konea hadi mtu apofuke. Na yale ya kuchemshwa yalipoa kwenye sufuria ambamo sote tulichota kwa vikombe vyetu.

Nilimweleza mama. Akacheka.

"Maji hayo yamekulea. Leo yamekuwa sumu kwa sababu umesoma?"

"Tumbo si jicho, mama."

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga. Nilifumba jicho kwa maumivu, naye akaacha kucheka. Akaniuliza nangoja nini kwenda kliniki. Nikamweleza: huenda ni vumbi, huenda nikaonekana mwoga, huenda wakaninyang'anya lenzi.

"Na likiharibika?"

Hapo nikainuka.

Nilitafuta miwani yangu ya zamani. Lenzi nilizifunga pamoja na kikopo bila kuviosha, ili wavipime kama vilivyo. Huko mjini Wote, kwenye kliniki ya macho, kabla sijaulizwa lolote nilisema, "Navaa lenzi usiku, na niliziosha kwa maji."