Namba ya Sajini Banza

Jumamosi tarehe 12 Novemba 2005, Jérôme Banza, mpaka rangi ughaibuni, katika kiwanda cha magari cha Forest, alinunua bunduki kuukuu ya jeshi, Mauser ya modeli ya 1889. Risiti imeandikwa namba 7714.

Namba hiyo aliijua tangu utotoni. Mwaka 1957 baba yake, Sajini Banza Ngoie wa kambi ya jeshi la kikoloni ya Kamina, alifungwa miaka miwili kwa kuuza bunduki namba 7714. Alikana mpaka kufa. Ukoo haukumsamehe, na hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Mwezi Oktoba 2005, Émérance, dada mkubwa wa Jérôme, alipata mjukuu wa kiume huko Kamina. Wazee walikubali kungoja kidogo: ikionekana kwamba bunduki haikuuzwa, mtoto ataitwa Banza.

Kwa miaka kumi na moja Jérôme alizunguka masoko ya vitu vya kale, akivuta nyuma komeo la chuma la kila Mauser na kusoma namba yake kwa lenzi.

"Banaume bengine banatafutaka bibi wa pili," mkewe Euphrasie alizoea kumwambia. "Weye unatafutaka chuma."

Jumamosi ile komeo lilikuwa na 7714, na kando yake mhuri wa karakana ya jeshi, 1959. Miaka miwili baada ya hukumu, jeshi lilikuwa bado nayo. Alimpigia Émérance palepale.

"Njo yenyewe, yaya, dada yangu! Mutoto aitwe Banza!"

Kilichobaki ni barua ya shahidi ya kuwapelekea wazee. Aliipeleka bunduki kwa Jozef, mzee wa miaka themanini aliyewahi kuwa fundi wa silaha Kamina, sasa mkazi wa ghorofa moja nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Jozef alivaa miwani, akakwaruza rangi nyeusi pale mtutu unaposhikana na mwili wa bunduki. Ikatokea namba nyingine, ya bunduki yenyewe: 3056.

"Jérôme, ulisoma wapi?"

"Kwa culasse, papa. Kwa komeo. Hapa kulikuwa rangi."

"Na weye, fundi wa rangi, haukuona?"

Jozef alilichomoa komeo na kulilaza mezani peke yake.

"Kila mangaribi tulitosha ma-culasse yote mu bunduki, tunafunga mu sanduku, juu batu basiibe. Askari anabakia na bunduki tupu. Bon. Ile ya baba yako ikapotea, culasse yake ikabakia kwetu. Kisha, mu 1959, tukaitia mu bunduki ingine."

"Donc, basi alikuwa mwizi?"

"Sisemi vile. Minasema hii haionyeshi kitu."

"Andika namba ya culasse tu, papa. Ile ingine uiache. Nani atajua kule?"

"Nitaandika zote mbili, ao siandike."

"Ni mutoto, papa Jozef! Ni jina tu!"

Jozef alirudisha komeo mahali pake na kufuta mikono kwa kitambaa. Jérôme alikaa na koti lake mwilini kwa saa nzima, kisha akaomba apewe karatasi hivyo hivyo, yenye namba zote mbili. Hajaituma.

Ubatizo wa mtoto ni kesho, baada ya misa ya kwanza. Leo saa kumi na mbili jioni Jérôme atampigia Émérance na kumwambia kwamba bunduki si yenyewe, mtoto apewe jina la upande wa mama yake.