Salamu za Mama Angel

Kule Nkoaranga, ukitaka kuchelewa shughuli zako, kutana na Mama Angel mahali njia inapopanda. Atakushika mkono asiuachie. Atauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za kahawa kama imeanza kuiva, kisha atarudi kwa mama mkwe wako uliyedhani mmeshamaliza habari zake. Watu walimpenda kwa hilo. Mchungaji alimtaja hata kanisani, akiwasema mabinti wanaopita na simu sikioni bila shikamoo. "Jifunzeni kwa Hanna Sumari," alisema. "Yule ana muda na watu."

Muda angeutoa wapi? Mwanamke ana ng'ombe wawili, migomba ya kupalilia, na mume dereva kule Olmotonyi anayerudi nyumbani Ijumaa. Ukweli ni kwamba Hanna alikuwa anatafuta pumzi.

Ujanja huo aliuanza alipoolewa. Mama mkwe wake, Bibi Maria, alimtuma shamba la bondeni akalete mkungu wa ndizi. Nusu ya kilima kifua kilimbana, moyo ukamwenda mbio hadi masikioni, akautua mkungu na kuketi pembeni ya njia. Bibi Maria akamkuta hapo. "Mwanangu Frederick katuletea ua la kuweka mezani," alisema kwa sauti, na waliokuwa wakipita wakacheka. Kicheko kile kilimchoma bibi harusi. Tangu siku hiyo hakuketi tena njiani. Pumzi ikimwishia alitafuta mtu wa kumsalimia. Mtu akijibu, yeye anavuta hewa polepole kwa pua huku akitabasamu. Akishapata nafuu anaaga, anapanda tena mpaka kwa mtu mwingine.

Binti yake Angel, ambaye sasa anasomea ualimu mjini, alipokua akawa hivyo hivyo, hapiti mtu bila kumsalimia. Maji hufuata mkondo, majirani wakasema. Hanna alijivuna kweli kweli.

Mficha maradhi kilio humfichua. Mwaka huu miguu ilianza kumvimba jioni, naye akavaa sketi ndefu zaidi. Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu, njia tupu, hakuna hata mbuzi. Hapakuwa na wa kusalimiwa. Kusimama peke yake bila sababu aliona aibu, hata mbele ya migomba, basi akajikaza, na hapo akaanguka na ndoo yake ya maziwa. Daktari wa pale kijijini aliyemsikiliza kifua aliusikia moyo ukitoa mvumo usio wa kawaida. Akamtuma Arusha mjini, moyo ukapigwe picha kwa mashine ya ultrasaundi.

Angel alimsindikiza. Hanna alipandishwa kwa lifti ya wagonjwa hadi ghorofa ya tatu, na Angel akabaki chini kumtafutia chai. Chumbani alikuwamo Daktari Salha, mwanamke kijana mwenye mtandio mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Lalia ubavu wa kushoto. Huwa unachoka ukipanda mlima?"

"Kidogo tu. Kama watu wote."

Daktari alimpaka jeli ya baridi, akaanza kusukuma kile kifaa kati ya mbavu zake, macho yakiwa kwenye kioo. Alisukuma, akasimama, akarudia palepale. Hanna alijua anayerudia mahali pamoja ameona jambo. Hofu ikamshika, na kinywa kikafanya kile kilichozoea.

"Na nyumbani kwenu, daktari, hawajambo? Wazazi wazima?"

"Wazima, mama. Sasa usiongee kidogo." Akageuza kioo ili Hanna naye aone. "Moyo una vyumba vinne. Huu ukuta wa kati ya viwili vya juu, unaona ulivyokatika? Ni tundu. Umezaliwa nalo."

"Nimezaliwa nalo?" Hanna aliuliza. Kumbe siku ile ya mkungu lilikuwemo. Machozi yalimtoka kwa hasira, yote dhidi ya Bibi Maria.

"Sasa sikiliza, mama. Damu inavuka hapo. Kama bado inakwenda upande wa mapafu, tunaweza kukutafutia nafasi tundu lizibwe. Kama imegeuka, hatuthubutu kuliziba."

"Na lisipozibwa?"

"Utakuwa wa dawa tu. Na dawa hazitakufikisha mbali."

Akamlaza chali, akamkunjisha magoti, akakibonyeza kifaa chini ya kidari. "Nitawasha rangi zinazoonyesha damu inakokwenda. Hapa nyekundu ndiyo ninayoitaka. Bluu siitaki. Vuta pumzi, ishikilie."

Hanna akavuta. Kioo kilijaa giza na ukungu, vivuli vikifungua na kufunga. Hakuona nyekundu wala bluu. Pumzi ilimwishia, akakohoa.

"Tena, mama. Jikaze."

Akavuta tena. Alimwomba Mungu rangi. Kifua kiliwaka, vidole vikashika kitanda, na daktari akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha ukapita mwali kwenye ule ukuta uliokatika, ukapita tena kwa kila pigo. Mwekundu.

"Pumua," alisema daktari, naye mwenyewe akapumua. "Presha ya mapafu imepanda, lakini tumewahi. Lingezibwa zamani ingekuwa rahisi zaidi. Mama, ulikuwa unafanyaje na ile milima?"

"Nilikuwa nasalimia watu," Hanna alisema. Akamweleza siri yote, mara ya kwanza maishani, na wakacheka wawili wale hadi jeli ikamchuruzika. Alijisikia mwepesi. Hata Bibi Maria alikaribia kumsamehe.

Daktari alifungua mlango kumwita muuguzi. "Mara chache hali hii hutembea kwenye ukoo," alisema. "Kwenu kuna mwingine anayechoka haraka?"

"Hapana. Ni mimi tu."

Huku nje, sauti ilipanda kutoka kwenye ngazi. "Shikamoo, mama." Ikatulia. "Za kazi?" Ikatulia tena. Mfanya usafi alikuwa akijibu kwa furaha na kwa kirefu. "Na nyumbani... watoto hawajambo?"

Hanna aliijua mitulio ile. Miaka yote alikuwa akiisikia nyuma yake njiani, na kuionea fahari.

Daktari alikuwa amesharudi na kunyoosha mkono kwenye swichi ya mashine.

"Usiizime," Hanna alisema. Alikwenda mlangoni akiwa na shuka kifuani, akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Angel! Acha kusalimia, mwanangu. Keti hapo hapo kwenye ngazi."

Salamu zikakoma. Kisha akamsikia binti yake akiketi.