Upande Anakoangalia Baba

Nina studio ya foto mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, chumba kimoja chenye ordinateri, yaani kompyuta, imprimante inayokohoa kila inapochapa, na pazia la buluu ambalo hakuna tena anayelihitaji. Siku hizi kila mtu ana simu na kila mtu ni mpiga foto. Mimi kazi yangu ni kadre. Unaniletea uso wako ndani ya simu, nauzungushia maua, riboni, njiwa, dhahabu na maandishi: ubatizo, harusi, diploma, kilio. Mteja akitaka njiwa wengi, nampa wengi. Wako wanaosema vitu vyangu vinameremeta kupita kiasi. Waseme tu! Mji huu umekaa miaka mingi bila cha kumeremeta.

Ufundi huu nilipewa na mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Butembo, aliyekuja Kindu kufungua duka vita vilipotulia. Alileta ordinateri, akagundua kwamba yeye na ordinateri hawapatani. Mimi nilikuwa nikimfagilia duka. Siku moja akaniambia, "Keti hapo, gusa-gusa. Ukiiharibu, tutajua la kufanya." Nikagusa. Leo watoto wangu wanakula kwa sababu ya neno lile, na kila nikiiwasha mashine asubuhi namwombea mama yule popote alipo.

Basi mdogo wangu akachumbiwa. Tulifurahi, tukapiga vigelegele, halafu siku ya pili akaja studio, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mteja kweli.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "utanitengenezea baba?"

Nilijua anachotaka. Kwetu, siku ya kupokea wakwe, bibi harusi asiye na baba huwekewa foto ya baba yake juu ya kiti, mbele ya watu. Bibi harusi anapiga magoti, anaisalimu, ndipo anapokabidhiwa. Wengine huita baba mdogo akae pale. Mdogo wangu hakutaka baba wa kuazima. Yeye alizaliwa baba ameshazikwa, na uso wa baba hakuwahi kuuona hata mara moja. Tangu utoto wake watu walimwita "yule ambaye baba yake hakumuona", na walilisema mbele yake, wakipita, bila ubaya wowote. Aa, watu!

Foto ya baba ilikuwepo. Moja. Mama alikuwa akiificha, na mimi nilijua kwa nini.

Wakati wa vita, treni haiji, meli haiji, chumvi tunaisikia kwa jina, askari mmoja alikaa kwetu. Nasema alikaa, lakini alichukua chumba, akachukua kitanda, akawala mbuzi. Jirani yetu alikuwa mpiga foto, bado na filamu kidogo, akiosha foto mwenyewe nyumbani kwake, na wateja waliobaki mjini ni wenye bunduki. Siku hiyo askari wetu alitaka foto ya kupeleka kwao. Akaona kusimama peke yake hakupendezi. "Kuya hapa, rafiki!" akamwita baba, akamvuta, akamwekea mkono begani. Baba akasimama. Ungefanya nini?

Muda mfupi baadaye homa ikamshika baba. Dawa hakuna, barabara hakuna. Alipofariki, yule jirani alikuja kwenye kilio na kitu ndani ya bahasha: alikuwa ameosha nakala ya pili ya foto ile, bila kuombwa na mtu, kwa karatasi yake iliyokuwa karibu kwisha. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Tulipokimbilia porini, foto ile ilikwenda ndani ya mkebe, imefunikwa unga wa muhogo. Lakini mama hakuitundika hata tulipopata amani, kwa sababu ya yule mwingine aliye ndani yake. Hakutaka mtoto amjue baba yake akiwa na bunduki ubavuni.

Nilipomwomba foto kwa ajili ya harusi, mama alienda kuutoa mkebe.

"Umutoe yule," akaniambia. "Wakwe wasimuone. Mutoto asimuone."

Kumtoa askari ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliingiza foto katika ordinateri, nikanakili vipande vya ukuta wetu wa matope ulio nyuma yao, nikamfunika navyo taratibu, kofia, bunduki, viatu. Niseme ukweli, nilisikia utamu. Shida ilikuwa mkono. Ulikuwa umelala begani kwa baba, vidole vimebana shati. Nikajaribu kushona shati jipya kwa kunakili la upande wa pili, na bega likavimba kama gunia la mchele. Nikafuta, nikaanza tena. Ikawa mbaya zaidi.

Basi nikaamua kufanya kama tunavyofanya sote katika kazi hii: pasipotengenezeka, weka maua. Nilikuwa na kadre nzuri, ya dhahabu, yenye rundo kubwa la waridi upande wa kulia na maandishi "Baba wa Bibi Harusi" chini. Ila mkono wa askari ulikuwa kushoto. Kadre yenye maandishi haigeuzwi, maneno yatasomeka kinyumenyume. Foto ndiyo inayogeuzwa. Unabonyeza mara moja, kushoto kunakuwa kulia. Tunageuza watu kila siku hapa Kindu, mabwana harusi, maaskofu, marehemu, na hakuna anayelalamika. Nikamgeuza baba. Waridi zikalala juu ya ule mkono, ukapotea kabisa. Nikajipongeza, nikawaita mama na mdogo wangu.

Mdogo wangu alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha mashine, akiangalia uso, uso tu. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Halafu mama akavaa miwani.

"Huyu haiko bwana yangu."

"Mama! Njo yeye, baba mwenyewe," nikasema.

"Haiko yeye. Umemugeuza." Akanyoosha kidole. "Angalia macho. Kila mutu akipigwa foto anaangalia mashine. Yeye anaangalia kando. Umejua kwa nini?"

Nilidhani najua. Miaka yote nilidhani ni woga, kwamba alikuwa akikwepa kumwangalia yule askari na mpiga foto pia. Nikamwambia hivyo.

"Woga?" Mama akacheka kwa hasira. "Mimi nilikuwa nasimama ku mulango. Upande ule umeweka maua, karibu kabisa. Alikuwa ananiangalia mimi. Sasa umemufanya anipe mugongo."

Mdogo wangu, bila kutoa macho kwenye kioo, akauliza, "Na mimi nilikuwa wapi?"

Mama akaweka mkono kwenye tumbo lake. "Hapa. Ulikuwa mukubwa sasa, nguo inakataa kufunga. Alikuwa anaangalia hapa."

Nje mtu alikuwa anauza mikate kwa kuimba, na hakuna aliyemwita.

Siku iliyofuata nilitupa kadre ya dhahabu, nikamrudisha baba aangalie alikokuwa akiangalia. Nilikwenda nyuma ya nyumba na simu, nikapiga foto majani ya muhogo, yale tunayoyatwanga na kuyapika sombe, yenye vidole vilivyofunguka. Yalitulisha porini bila chumvi na bila mafuta, na sijawahi kuyashukuru. Nikayakata moja moja katika mashine, nikayapanda upande wa kushoto yakafunika mkono, nikayapitisha juu na chini. Mama alipopita akasema, "Unamuvalisha baba yako sombe?" na akacheka mpaka akakaa. Upande wa kulia, anakoangalia baba, sikuweka kitu. Hakuna mstari wala ua. Wenzangu wa kazi walisema kadre haijakwisha. Nikawaambia wanunue miwani.

Siku ya wakwe, kiti kikawekwa, foto ikawekwa juu yake. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru yule jirani wa karatasi ya mwisho, na mama wa Butembo. Yule askari nilishindwa kumshukuru, ingawa bila yeye tusingekuwa na foto. Nimejaribu tena leo nikiandika. Bado.

Mdogo wangu akaja amefunikwa kitambaa, akizungukwa na nyimbo. Mahali pa kupiga magoti palikuwa pametandikwa mkeka mbele ya kiti. Akaupita. Akazunguka upande wa kulia, kule anakoangalia baba, akapiga magoti kwenye saruji tupu na nguo yake nyeupe.

Baba mdogo akakohoa. "Binti, mbele ni huku."

Hakusogea. Alibaki palepale, uso juu, anaangaliwa.